Nakupa Mji: Utangulizi wa Falsafa ya Maana ya Maisha

Ukifika Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa katika mkoa wa Ruvuma, Tanzania, utaona mwamba uliochomoza majini karibu na mlango wa bandari. Ukiutazama ukiwa mahali fulani, unafanana na mnyama mkubwa aliyelala huku ameinua kichwa. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliutazama hivyo hivyo, wakamkumbuka Sfinksi, yule kiumbe wa hadithi za kale mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakapaita mahali pale Sphinxhafen, yaani bandari ya Sfinksi. Wenyeji walikuwa na jina lao, na ndilo linalotumika hadi leo.

Katika hadithi za Wayunani, Sfinksi alikaa njiani nje ya mji wa Thebes akiwategea wapita njia kitendawili: ni kiumbe gani anayetembea kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri, na mitatu jioni? Aliyeshindwa kujibu aliliwa. Wengi waliliwa, mpaka akaja Oedipus, akajibu kwamba ni mtu, maana utotoni hutambaa, ukubwani husimama, na uzeeni huegemea mkongojo.

Watoto wa Liuli, Mbamba Bay na Mbinga nao hutegana vitendawili jioni, lakini masharti yao ni mengine kabisa. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Wakishindwa, hakuna anayeliwa. Mtegaji huwaambia, "Nipeni mji." Wao humpa: haya, tunakupa Songea. Naye huupokea mji, husema amekwenda Songea, amekula na kunywa, watu wa huko wamemfurahia, kisha huwafumbulia fumbo. Hivyo aliyeshindwa huondoka na jibu, na kilichomgharimu ni mji ambao hata hakuwa nao.

Ndugu msomaji, nakukaribisha katika taaluma hii kwa masharti ya watoto hawa. Falsafa ya maana ya maisha ni fani inayouliza maswali ambayo kila mtu ameyauliza walau mara moja, mara nyingi usiku, au wakati wa kurudi makaburini. Kwa nini nipo? Haya yote ninayoyahangaikia ni ya nini? Nikishakufa, itakuwa na tofauti gani kwamba niliishi? Wengi huogopa kuyasema kwa sauti, wakidhani ni maswali ya waliovunjika moyo au ya wasomi wa mbali wasio na shamba la kulima. Nataka kuonyesha kwamba yanaulizwa milimani kwa Wamatengo na ufukoni kwa Wanyasa, Wamanda na Wampoto. Nataka pia kuonyesha kwamba yanaulizwa huko kwa namna ya kwao, na kwamba namna hiyo inastahili kusomwa na kubishiwa kwa heshima ile ile tunayompa mwanafalsafa wa Ujerumani au Ufaransa.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo jembe letu la kwanza.

Kiswahili hakimwachii mtu nafasi ya kuwapo hivi hivi. Ukitaka kusema kwamba upo, lazima uchague: nipo, niko, au nimo. Po ni mahali panapojulikana, ko ni huko kwa jumla, mo ni ndani. Kila neno tunalotumia kueleza kuwapo limebeba mahali mgongoni. Hata Mungu, ambaye dini zetu zinasema hana mpaka wa mahali, tunasema yupo. Na mtu akifa hatusemi amekoma kuwa. Tunasema hayupo tena, kana kwamba tulikuwa tumezoea kumkuta mahali fulani, na leo tumepita hapo hatukumkuta.

Alexis Kagame, padri na mwanazuoni wa Rwanda, aliyechapisha mwaka 1956 kitabu kikubwa kuhusu falsafa ya kuwapo katika Kinyarwanda, alilipa jambo hili uzito mkubwa. Mfaransa Descartes, katika karne ya 17, alitafuta msingi usiotikisika wa maarifa, akaona kwamba kule kufikiri kwake kunatosha kumthibitishia kuwa yupo. Kagame alionyesha kwamba kauli hiyo ikiingizwa katika lugha za Kibantu inabaki inaning'inia. Msikilizaji atauliza: upo wapi? U nani? Wapo wanaosema kwamba huo ni mtego wa sarufi tu, na kwamba lugha haimlazimishi mtu namna ya kufikiri. Wana hoja. Mimi naona sarufi haimfungi mtu, ila inamwonyesha mlango ulio karibu naye zaidi, na mlango wetu unafungukia mahali.

Ongeza na hili: katika usemi wa kawaida hatutumii kitenzi cha kumiliki. Ninapotaka kusema habari ya watoto wangu, shamba langu au shida zangu, husema nina watoto, nina shamba, nina shida. Ni mimi pamoja na watoto, pamoja na shamba, pamoja na shida. Neno dogo "na" linalounganisha baba na mama ndilo linaloniunganisha na mali yangu. Kwa hiyo swali la maana ya maisha, likiulizwa kwa Kiswahili na mtu anayeisikiliza lugha yake, huja likiwa na maswali mawili ndani yake: nipo wapi, na nina nani?

Sasa twende shambani, maana huko ndiko nilikolipata swali hili kabla sijajua kwamba lina jina.

Milima ya Umatengo ni mikali. Mgeni anayepita kutoka Mbinga kwenda Litembo au Maguu akiangalia miteremko iliyo mbele yake hushangaa kuona imejaa vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki, safu juu ya safu, kutoka kileleni hadi bondeni. Hizo ndizo ngolo. Karne ya 19, wakati wa mashambulizi ya Wangoni, Wamatengo walibanana milimani, na kwa kuwa ardhi ilikuwa ndogo na ya mteremko, walihitaji kilimo ambacho mvua haitakifagilia mbali. A. H. Pike aliandika juu ya kilimo hicho mwaka 1938, na miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja kukichunguza kwa kina. Waliokibuni hawakuandika kitu, lakini waliacha kilima kizima kinachosomeka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mvua zinapokaribia kwisha, mwezi wa tatu hivi, nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke. Zikishakauka hupangwa katika mistari, mingine ikipanda na mteremko, mingine ikikatiza, mpaka shamba lote linakuwa na miraba yenye upana wa kama hatua mbili. Kisha jembe huingia katikati ya mraba. Udongo huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi pande zote nne, ukizifunika, mpaka panabaki shimo katikati na matuta yaliyolizunguka. Maharage hupandwa juu ya matuta. Nyasi zilizofunikwa huoza taratibu na kuwa mbolea. Mwisho wa mwaka, mvua zinaporudi, mahindi hupandwa pale pale. Yakishavunwa, shamba hupumzika kidogo, halafu mwezi wa tatu mwingine kazi huanza upya. Mashimo huchimbwa tena, safari hii palipokuwa na tuta, na palipokuwa na shimo huinuka tuta. Kila miaka miwili kilima kizima hupinduliwa kwa mkono.

Kwa desturi, kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba ni kazi ya wanawake. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nilipopelekwa kumsaidia bibi yangu kuchimba. Siku ya kwanza nilifanya kwa bidii ya mgeni. Siku ya tatu viganja vilikuwa na malengelenge, na nilikuwa nimeshajua kwamba mwaka juzi alichimba hapo hapo, na mwaka kesho kutwa atachimba tena. Nikamwuliza, "Bibi, kwa nini tunachimba tena mashimo yaliyokwisha kuchimbwa?" Hakunijibu kwa upole. Aliinama kwenye shimo la zamani, akachota tope laini lililotulia chini, jeusi, lisilo na jiwe hata moja, akaliweka mkononi mwangu juu ya malengelenge. Akasema, "Hili lilikuwa kule juu. Limefika hapa, limekaa. Usipochimba, litakuwa kule chini." Akaendelea na kazi.

Nilimwuliza kwa nini, akanijibu wapi. Kwa miaka mingi nilidhani hakuwa ameelewa swali.

Nilipofika chuo kikuu nilisoma kitabu ambacho Albert Camus alikichapisha mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, kuhusu Sisyphus. Huyu ni mtu mwingine wa hadithi za Wayunani, aliyehukumiwa na miungu kuviringisha jiwe hadi juu ya mlima. Jiwe likikaribia kilele huporomoka, naye hushuka kulifuata, akaanza tena, milele. Camus aliona humo sura ya maisha ya binadamu: jitihada isiyofika, mbele ya ulimwengu usiojibu. Hata hivyo alitetea kwamba Sisyphus anaweza kuwa na furaha, kwa kuwa ameijua hali yake na hajidanganyi. Ni kitabu cha ujasiri, na simkatazi mtu kukipenda. Mimi nilipokisoma niliona kilima cha bibi yangu, na nikahisi kuna kitu Camus hakukiweka ndani.

Mlima wa Sisyphus hauna udongo. Hauna mvua, hauna jirani wa juu wala wa chini, hauna anayengoja chakula. Jiwe lake halioti kitu. Na zaidi ya yote, haliachi kitu: safari ya elfu haina chochote ilichokipokea kutoka kwa safari ya mia tisa na tisini na tisa. Ngolo nazo hurudiwa, na hazifiki kilele chochote ambapo mtu atasema sasa nimemaliza. Lakini shimo la leo linachimbwa ndani ya udongo ulioshikwa na shimo la juzi, na tope jeusi nililoshika lilikuwa kumbukumbu ya kazi iliyotangulia. Kwa hiyo kurudia peke yake hakuifanyi kazi iwe bure. Kinachoifanya iwe bure ni kurudia kusikokaa mahali. Nafikiri hilo ni dai la kifalsafa kamili, linaweza kutetewa na kupingwa, na bibi yangu alilitetea kwa kiganja kimoja cha tope.

Lakini mwanafunzi mzuri wa fani hii hapokei hata hekima ya bibi yake bila kuipima. Niliomba ukumbuke ni nani anayechimba. Mwanamke ndiye aliyevunjika mgongo katika kilima hicho, na mara nyingi ardhi ilirithiwa na wana wa kiume. Wamatengo walikuwa na desturi waliyoiita sengu: wanaume wa ukoo, wazee kwa vijana, walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja, wakazungumza mambo ya ukoo, wakasuluhisha ugomvi, wakawafunda wavulana. Nimesikia wazee wakiisimulia kwa hamu, na ninaelewa kwa nini. Pale kijana alijua yeye ni nani na anangojewa wapi. Ila chakula cha sengu kilipikwa na kuletwa na wanawake kutoka nyumba mbalimbali, na waliokileta hawakuketi kukila pale. Maana aliyoipata mtu mmoja ilisimama juu ya kazi ya mwingine ambaye hakuulizwa. Ukikutana na mwandishi yeyote, awe wa Kiafrika au wa Ulaya, anayekuambia kwamba jamii humpa mtu maana ya maisha yake, mwulize ni nani katika jamii hiyo aliyebeba sufuria.

Katika hili mwalimu wangu ni Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ingawa sikubahatika kumwona. Kabla yake, mmisionari Placide Tempels aliandika kitabu mwaka 1945, akiwa Kongo, akidai kwamba Wabantu wote wana falsafa moja, ya nguvu ya uhai, na kwamba wenyewe hawawezi kuieleza mpaka asaidie mgeni. Oruka alikataa. Alikwenda kwa wazee wa vijijini Kenya, mmoja mmoja, kwa majina yao, akawauliza maswali na kuwabana kwa maswali zaidi. Aligundua kwamba wapo wazee wanaoyajua mafundisho ya jamii na kuyarudia vizuri, na wapo wengine wanaoyajua na pia kuyakosoa. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Kitabu chake kuhusu wenye hekima hawa kilitoka mwaka 1990. Ukitaka kuifanya kazi hii Mbinga au Nyasa, ndiyo njia ninayokushauri. Usiandike kwamba Wamatengo wanaamini hivi. Andika kwamba mama fulani alisema hivi, nilimpinga hivi, akanijibu hivi.

Turudi Liuli kidogo, kuna meli inaningoja.

Mwishoni mwa karne ya 19 zilichangwa fedha Ujerumani kwa ajili ya kupambana na biashara ya watumwa, na kwa fedha hizo ikaundwa meli iliyoitwa Hermann von Wissmann, ikasafirishwa vipande vipande hadi Ziwa Nyasa, ikaunganishwa na kuelea. Kusudi lake lilijulikana kabla ya bamba la kwanza kukatwa. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Sphinxhafen ikitengenezwa, ndipo meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya kapteni Rhoades, ikaingia na kuipiga mizinga. Kapteni wa Kijerumani alikuwa rafiki wa Rhoades, na habari kwamba vita vimeanza ilikuwa haijamfikia.

Wanafalsafa wamebishana sana kama mtu ana kusudi kwa namna ambayo meli ina kusudi. Aristotle alijiuliza: seremala ana kazi yake, jicho lina kazi yake, je, mtu kama mtu hana kazi yake? Akajibu kwamba anayo, nayo ni kuishi kwa kufuata akili na wema. Karne zaidi ya ishirini baadaye Jean-Paul Sartre akasema hapana: kifaa hubuniwa kwanza, kikaundwa baadaye, lakini mtu huwapo kwanza na kujifanya mwenyewe baadaye. Watoto wa milimani kwetu, ambako wengi ni Wakatoliki, hukutana na jibu la tatu mapema kuliko wanafunzi wengi wa falsafa duniani, kwa sababu katekisimu huwauliza kwa nini Mungu aliwaumba, na huwataka wajibu kwamba ni ili wamjue, wampende, wamtumikie, na mwishowe wafike kwake. Ufukoni, Waanglikana husimulia habari za mmisionari William Percival Johnson, aliyeishi miongoni mwa watu wa ziwa hili karibu nusu karne, macho yakiwa karibu kupofuka, akafia Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapo. Mtu kama huyo alikuwa na uhakika wa kazi yake.

Nasoma habari za ile meli kando ya hoja zote hizi, na naona jambo moja linasahaulika. Hata kitu kilichoundwa kwa kusudi lililo wazi kinaweza kuchukuliwa na kusudi la wengine. Chombo cha kupambana na biashara ya watumwa kikageuka chombo cha dola, kisha shabaha ya mizinga, bila hata msumari wake mmoja kubadilika. Kwa hiyo swali halimaliziki tukishajua tumeumbwa kwa ajili ya nini. Linabaki swali la nani ameshika usukani.

Swali hilo liliulizwa mkoani kwetu kwa uchungu. Mwaka 1960 vijana wa chama cha TANU walikwenda Litowa, wilayani Songea, kuanzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, vikaungana katika Shirika la Maendeleo ya Ruvuma. Waliamua mambo yao katika mikutano yao wenyewe, wakaendesha shule yao, na Mwalimu Nyerere aliwatazama kwa matumaini alipokuwa akiunda fikra zake za ujamaa vijijini. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikalivunja shirika. Ujamaa uliendelea, tena kwa nguvu zaidi, lakini ukawa wa kuagizwa. Mwanafunzi anayetaka kuelewa tofauti kati ya kusudi ambalo watu wamelitafuta na kusudi ambalo wamepewa hahitaji kwenda Ulaya.

Lipo swali la wakati pia, na hapa nabishana na mtu ninayemheshimu mno. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 alitumia maneno yetu sasa na zamani kueleza kwamba Mwafrika wa jadi huishi katika nyakati hizo mbili, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra zake. Kama ni kweli, basi maana ya maisha kwetu ingetafutwa nyuma tu, kwa wahenga. Wapo wanaomfuata Mbiti mpaka leo. Mimi nawaomba waje Mbinga wakati wa kupanda miche ya kahawa. Zao hili liliingia milimani wakati wa ukoloni, na wakulima walilipokea. Mche wa kahawa hungojewa kama miaka mitatu kabla ya kuvuna kitu cha maana, na mti huo ukitunzwa utamlisha mtoto ambaye hajazaliwa. Anayechimba shimo la mche ana wakati ujao mkononi.

Na ana hofu nao. Njaa inapobisha hodi au ada ya shule inapodaiwa, wapo wanaouza kahawa ikiwa bado changa mtini, kwa bei ya kutupwa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Kwetu biashara hiyo huitwa magoma. Nimeona mtu akipita katikati ya mibuni yake mwenyewe, matunda mekundu yameinamisha matawi, akiwa hatazami kulia wala kushoto, kwa kuwa si yake tena. Shamba lipo, yeye yupo, na kesho yake imeshakwenda. Mwanafalsafa anayeandika juu ya wakati na matumaini bila kumfikiria mtu huyu ameacha sura nzima nje ya kitabu.

Sasa lazima niseme lile ninalolihofia zaidi katika fani hii kama tunavyoifanya Afrika Mashariki. Tumezoea kujibu kwamba mtu ni watu, na maana ya maisha ni kuwa pamoja. Ni jibu zuri, na nusu ya utangulizi huu imelisaidia. Lakini litamwambia nini yule ambaye pamoja yake imevunjika? Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na upepo wa kusi ukiamka, mawimbi yake hayatofautiani na ya bahari. Wapo waliotoka jioni na taa zao kuvua dagaa, na asubuhi mtumbwi ukarudi ufukoni bila mtu. Wapo waliozika watoto wote. Wapo vijana waliohamia Dar es Salaam, wakapanga chumba katikati ya maelfu ya watu, na hakuna anayejua wamelala njaa au wameshiba. Euphrase Kezilahabi alithubutu kumwandika kijana wa namna hiyo katika Kichwamaji mwaka 1974: Kazimoto, msomi aliyerudi kijijini na hakupata tena mahali pake, akauliza maswali yetu haya, na mwishoni akajiua. Si kila msomaji aliyemfurahia. Mimi naona alitufanyia wema, kwa sababu aliyaleta maswali hayo mezani kwa Kiswahili, bila kuyafunika. Shaaban Robert alikuwa amepita njia nyingine katika Utubora Mkulima, ambamo mtu anaiacha kazi ya mjini aende kulima, na kupona. Visome vyote viwili pamoja, katika mwezi mmoja ukiweza. Na ukimaliza, soma kitabu cha Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika katika kambi za Wanazi na kuandika mwaka 1946 jinsi mtu aliyenyang'anywa kila kitu anavyoweza bado kupata kitu cha kuishi kwa ajili yake.

Kuna mama mmoja jirani na kwetu, mtu mzima sana, hana mume wala mtoto aliye hai. Miaka michache iliyopita nilimkuta anachimba ngolo peke yake, kipande kidogo tu, jembe likipanda na kushuka polepole. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kusimama. Nilikuwa nimejaa vitabu, na swali likanitoka kabla sijalipima: nikamwuliza analima kwa ajili ya nani. Akanyooka, akaegemea mpini, akanitazama kwa muda. Kisha akaonyesha kwa kidevu shamba lililo chini yake, la jirani ambaye, kama kijiji kizima kinavyojua, hawaelewani kwa sababu ya mpaka. Akasema, "Nisipochimba hapa, maji yatabomoa pale." Nikamwuliza kama anampenda yule jirani. Akasema, "Hata kidogo," akainamia tena jembe.

Nimelichukua jibu lake darasani mara nyingi. Wanafunzi wengine husema hilo ni wajibu tu, na wajibu hauwezi kumfariji mtu usiku. Wengine husema ndiyo maana ya maisha iliyo imara kuliko zote, kwa kuwa haikutegemea upendo wala ukoo, ilitegemea mahali alipo na maji yanakoelekea. Nimebadilisha upande zaidi ya mara moja. Sura ya kwanza inaanzia hapo.